Ile seva ya mbele uliyotuachia

Sheikh wangu,

Asalaam aleikum. Natumai joto la Muscat halijakumaliza. Sisi hatujambo, mama anakusalimu na anaulizia ile dawa ya miguu. Kimya ni kirefu, najua, na mimi na wewe hatufichani: kama si shida, hata leo nisingeandika.

Ni ile seva ya mbele. Wanafunzi wanapandisha tasnifu zao na faili zinagoma. Bosi kamkalia kooni yule kijana wa programu, kila kikao ni yeye tu. Masikini, hana kosa! Nimefungua logi ya programu yake, lile daftari la matukio, saa ileile mwanafunzi anayolalamikia: hakuna hata mstari. Ombi halijamfika, atalaumiwa kwa lipi? Linakwama mlangoni, kwenye nginx ya seva ya mbele, inayopokea kila ombi kabla ya programu.

Logi ya nginx ndiyo iliyosema kweli. Inalalamika kuwa mteja ametaka kuleta mzigo mkubwa kupita kiasi, na kwa mwanafunzi inatokea namba ya kosa, 413. Megabaiti 1, bwana! Ndicho kipimo inachoshika usipoiambia kitu, na tasnifu hizi zimejaa ramani na picha. Nikakipandisha kwa client_max_body_size 50m, nikahakikisha kwa nginx -t, nikaiamuru isome upya. 413 ikatoweka, nikanunuliwa na urojo.

Furaha ya kitambo. PHP, anayeiendesha programu kule nyuma, naye ana vipimo vyake: upload_max_filesize ya faili moja megabaiti 2, post_max_size ya fomu nzima 8, kama hujamgusa. Na ana tabia mbaya huyu. Mzigo ukizidi hiyo post_max_size, ananong'ona kwenye logi tu, kisha anaikabidhi programu fomu tupu. Kwa hiyo wale waliokuwa wakiapa “nimejaza, inaniambia sijajaza” walikuwa wakweli, na Bi Rukia wa masjala kawafokea wee. Hilo nalo limekwisha.

Lililobaki ndilo linalonitoa jasho. Faili kubwa asubuhi zinapanda vizuri, jioni zinarudi na 500, kosa la seva yenyewe. Wenzetu wa mtandao wanasema laini ya Pemba mbovu. Sikubali. Laini ikizubaa, nginx inachoka kusubiri na kuandika 408. Hii ni 500. Wewe unajua, yenyewe hupokea mzigo wote kwanza, na usioenea kwenye kumbukumbu huuweka diskini kwa muda, ndipo iupeleke nyuma. Basi nimepima nafasi ya diski kwa df -h jioni: /var, inamowekwa hiyo mizigo ya muda, imejaa, asilimia 100! Asubuhi ina nafasi tele. Kuna kitu kinaandika humo mchana kutwa, usiku kinafutwa. Na kwenye crontab ya root, ile ratiba ya kazi zinazojiendesha, nimeikuta skripti isiyo na maelezo hata neno moja, na mwandiko ule naujua.

Mmoja hapa anashauri tuweke proxy_request_buffering off, mzigo upite moja kwa moja. Sitaki. Mwanafunzi wa laini ya kobe atamshikilia PHP muda wote anaopandisha, na wakija kumi pamoja seva ya nyuma itapiga magoti. Mimi naona client_body_temp_path, pale inapoweka mizigo ya muda, ihamie ile diski kubwa. Ila nayo uliifunga mwenyewe, na nginx isipopewa ruhusa ya kuandika humo tutarudi kwenye 500 ileile.

Sasa niambie. Skripti ile ni yako? Inakusanya nini, na nikiizima kuna atakayelia? Nywila ya diski kubwa unayo bado, au ilibaki kwenye ile simu uliyomwachia Seif? Kuna seva nyingine uliyoiwekea mambo ya namna hii bila kutuambia? Na unakuja lini, maana bosi anauliza kuliko hata mama?

Mwisho wa kupokea tasnifu ni Ijumaa. Nijibu kabla, hata kwa sauti ya WhatsApp.

Wasalaam,
Nduguyo