Kuiona Meli Bila Kuvuruga Ulinzi: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, na salamu kwa nyote mliofika.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililoshughulisha kamati kuliko jingine lolote mwaka huu: namna wakazi wa Mombasa wanavyoweza kuziona meli za kitalii bila kuwaongezea kazi wanaolinda bandari. Msimu wetu ni wa kaskazi, takriban Novemba hadi Aprili, na maamuzi ya leo ndiyo yatakayotuongoza meli zitakapoanza kuingia.

Nianze na sheria, kwa sababu mabishano mengi langoni hutokana na kutoijua. Bandari inayopokea meli za kimataifa hufuata kanuni za ISPS, yaani za usalama wa meli na bandari, za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO. Zilipitishwa Desemba 2002 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani. Bandari hutakiwa kutathmini hatari zake, kuandika mpango wa ulinzi, kumteua afisa wa usalama, na kuyatenga maeneo ambayo haingii mtu asiye na kibali. Ukizisoma kanuni zenyewe, kinachokatazwa ni kuingia, kupenyeza silaha au vitu vya hatari, na kuifikia meli bila ruhusa. Raia aliyesimama mahali pa umma akaitazama meli hajavunja lolote kati ya hayo. Msimamo wa kamati umejengwa hapo: hatuombi kuingia, tunaomba mahali pa kuonea.

Wanachama wengi wameuliza kwa nini sehemu iliyoruhusiwa juma lililopita inafungwa juma hili. Kuna viwango vitatu vya usalama. Cha kwanza ni cha siku zote, cha pili ni pale hatari inapoongezeka, na cha tatu ni pale shambulio linapotarajiwa au liko karibu kutokea. Kiwango cha bandari hupangwa na serikali ya nchi yenye bandari, na kiwango cha meli hupangwa na serikali ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Meli yenye bendera ya Bahamas au Malta inaweza kufika Kilindini ikiwa kiwango cha pili hali bandari iko cha kwanza. Ikiwa hivyo, afisa wa meli na afisa wa bandari huwasiliana na kukubaliana nani atalinda nini, mara nyingi kwa kutia saini tamko la usalama, na ulinzi wa siku hiyo hukazwa. Askari wa langoni haelezwi sababu, naye hana ruhusa ya kuibuni. Kumgombeza ni kumwonea. Vilevile msiombe kuuona mpango wa ulinzi wa bandari: kanuni zinataka uwe siri, na anayeuulizia hujitia shakani bure.

Ukali huo una historia iliyotugusa sisi wenyewe. Tarehe 5 Novemba 2005 meli Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa. Ikaponyoka na kugeuza njia hadi Shelisheli. Aprili 2009 ikashambuliwa MSC Melody, kaskazini mwa visiwa hivyo hivyo. Kwa miaka kadhaa meli za kitalii zikaikwepa njia yetu, na wenye teksi, wachonga vinyago na wapiga ngoma wakakosa riziki. Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yamefanya kampuni kadhaa zibadilishe au zifute safari zilizokuwa zipite Suez. Kampuni ya meli huchagua bandari kwa kupima usalama kwanza, kwa hiyo chama kinachopenda meli zije lazima kipende pia zilindwe.

Sasa mahali. Mama Ngina ndipo bora, na tunashukuru ufuo ule ulitengenezwa upya na kutumika kwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019. Meli inayoingia hupita kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na Likoni, karibu kiasi cha kuwaona abiria wakipunga mikono, nawe umesimama juu ya jabali nje kabisa ya eneo la bandari. Ikiingia utauona ubavu wake wa kulia, ikitoka utauona wa kushoto. Wapiga picha wazingatie jua: Desemba na Januari, jua la adhuhuri liko kusini mwetu, kwa hiyo upande wa meli unaotutazama huwa kivulini. Mwanga wa asubuhi mapema na wa alasiri huwa mpole zaidi. Msivuke ukingo wa jabali kwa sababu ya picha. Jiwe la matumbawe huliwa na mawimbi kwa chini, na juu linaonekana zima.

Ila meli ikishafunga kamba kwenye gati namba 1 au 2, lilipo jengo la abiria, kutoka Mama Ngina huioni tena. Hapo ndipo watu huanza kujazana mahali pasipofaa, na pabaya kuliko pote ni kivuko cha Likoni. Picha zimekatazwa pale, na umati ukikimbilia upande mmoja wa kivuko kilichojaa, ni hatari ya kweli. Mombasa haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka na kuua watu 272. Upande wa Mtongwe kuna kambi ya jeshi la wanamaji. Usielekeze kamera huko hata kama meli iko mbele yake. Droni hazirushwi katika shughuli yoyote ya chama: zinahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa ndege wa Moi hauko mbali na bandari.

Wenye mashua nao wasikie. Katika mlango mwembamba, chombo cha chini ya mita 20, au cha tanga, hakitakiwi kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya njia hiyo. Meli ikipiga honi tano fupi za haraka, maana yake haielewi unachokusudia. Ondoka njiani mara moja. Meli ikiwa gatini, maji yanayoizunguka huhesabiwa sehemu ya eneo la ulinzi, na mashua inayosogea polepole kwa ajili ya picha haina tofauti, machoni pa mlinzi, na mashua yenye nia mbaya. Zaidi ya hayo, meli hizi zina mapangaboi ya pembeni chini ya maji yanayosukuma maji kwa nguvu bila dalili juu. Mtumbwi hupinduka kabla mwenyewe hajajua kimempata nini.

Kuhusu ratiba, hatuna haja ya kupenyezewa habari na mtu wa ndani. Mamlaka ya bandari huiweka wazi orodha ya meli zinazotarajiwa ndani ya siku 14, na meli zote za abiria za safari za kimataifa hurusha mahali zilipo kwa mtambo wa AIS, ambao simu ya kawaida yenye intaneti inaweza kuufuatilia. Kosa letu kubwa limekuwa saa. Muda wa kufika unaoonyeshwa na AIS huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, kwa hiyo ongeza saa tatu kupata saa yetu. Ikiandikwa 03:00, ni 06:00 ya hapa, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Waliosoma 03:00 wakaelewa saa tatu asubuhi walikuta meli imekwishafunga kamba na nusu ya abiria wako njiani kwenda Tsavo. Tena muda huo huingizwa kwa mkono na afisa wa melini. Akisahau kuubadilisha, utakuta bado unasomeka wa bandari ya nyuma. Hakikisha mahali pa mwisho wa safari pameandikwa KEMBA, ambayo ndiyo alama ya Mombasa, si TZDAR ya Dar es Salaam wala TZZNZ ya Zanzibar. Kisha uamini mwendo na uelekeo wa meli kuliko maandishi, kwa kuwa hivyo hurushwa na mtambo wenyewe kila baada ya sekunde chache meli ikiwa safarini. Na kumbukeni, muda ulioandikwa mara nyingi ni wa kumpokea rubani, anayeiongoza meli kuingia, nje ya bandari. Kufika gatini ni baadaye.

Wengine huuliza kama bamvua inaathiri ratiba. Kwa meli za kitalii, hapana. Nyingi huzama kama mita 8 tu, na njia imechimbwa hadi mita 15. Huingia alfajiri kwa sababu abiria wanataka siku nzima nchi kavu.

Pendekezo kubwa la kamati ni jukwaa la kutazamia, kwenye eneo la umma upande wa Mbaraki, nje ya uzio. Wazo hili limejaribiwa kwingine. Yokohama, Japani, jengo la abiria la Osanbashi lililokamilika mwaka 2002 lina paa ambalo ni bustani ya umma, meli zikifunga pande zake na ukaguzi wa abiria ukifanywa chini. Vancouver, Kanada, watu hutembea kwenye njia ya juu ya Canada Place wakizitazama meli, na gati liko chini yao. Kote kuwili umma umetenganishwa na ulinzi kwa kimo, bila kufukuzwa mbali.

Sisi hatuna paa, lakini hesabu ni ileile. Jukwaa likigusana na uzio linakuwa ngazi ya kuurukia, na hakuna afisa wa usalama atakayelikubali. Pande zote mbili za uzio panatakiwa pawe wazi, pasiwe na mti, meza wala gari la kukanyagia. Kwa hiyo tunapendekeza liwe mita 6 nyuma ya uzio, sakafu iwe mita 2 juu ya ardhi, na uzio tuuchukulie kuwa wa mita 2.4. Mtu mzima ambaye macho yake yako mita 1.5 juu ya sakafu atakuwa anatazama kutoka mita 3.5. Mstari wa macho yake ukipita juu ya uzio, unagusa ardhi kama mita 13 ndani. Mtoto wa macho mita 1.1 anaanza kuona ardhi kama mita 21 ndani. Maana yake, ukanda wanapozunguka walinzi karibu na uzio hauonekani kwa macho, ila meli yenye kimo cha ghorofa zaidi ya kumi inaonekana karibu yote. Hoja hii imsaidie afisa wa usalama: watazamaji wakiwa mahali pamoja panapojulikana, ni rahisi kuwaangalia kuliko wakitawanyika kwenye kila upenyo. Kizuizi cha mbele cha jukwaa kiwe mita 1.1, nondo zisimame wima ili watoto wasipande, na ngazi iwe moja tu, upande wa barabara.

Wasimamizi wetu siku ya meli wavae fulana za rangi moja, mmoja kwa kila wanafunzi 10 shule zinapokuja. Jina na simu ya msimamizi mkuu zimfikie afisa wa usalama siku moja kabla. Kiwango kikipanda kuwa cha pili, chama hakikusanyi kundi lolote. Kikifika cha tatu, watu wote waondoke bila kungoja maelezo. Mwanachama akisimamishwa na askari, ajibu, aonyeshe kitambulisho, aondoke akiambiwa, na malalamiko ayalete kwa katibu. Picha za meli wekeni mtandaoni mpendavyo. Picha za malango, kamera, askari na saa zao za kubadilishana zamu, hapana.

Kuhusu kupanda melini kutembelea ndugu anayefanya kazi humo, chama hakina uwezo wa kuombea mtu. Maombi huanzia kwa huyo baharia, majina hupelekwa kabla meli haijafika, na neno la mwisho ni la meli yenyewe.

Naomba mkutano uamue mambo mawili kwa kuinua mikono. La kwanza, barua ya jukwaa pamoja na mchoro ipelekwe kwa mamlaka ya bandari na serikali ya kaunti kabla ya Novemba. La pili, mwanachama atakayerusha droni au kuisogelea meli kwa mashua asimamishwe uanachama msimu mzima. Mchoro uko mezani kwa katibu. Uangalieni kabla ya kura, hasa wenye ujuzi wa ujenzi, mtuambie kama msingi wa zege wa sentimita 60 unatosha kwenye udongo wa pale.