Hita ya banda la shira ichaguliwe kwa ajili ya usiku wa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kutoka jimbo la Vermont, Marekani, akiuliza anunue hita gani ya maji kwa banda lake la kuchemshia utomvu wa mti wa mepo uwe shira, yaani sharubati nzito tamu, banda lisilo na joto jingine ila la jiko lenyewe. Wawili wamekwisha kumjibu katika ukurasa huu, na wote wamemshauri achukue ile ya ukutani isiyo na tangi, inayopasha maji papo kwa papo. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo katika jimbo hilo hilo, na huu ni msimu wangu wa tisa. Namsihi asitoe pesa yake kabla hajanisikiliza.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: utomvu hutiririka kati ya mwisho wa Februari na Aprili, wakati usiku maji yanaganda na mchana barafu inayeyuka. Una sukari kiasi cha asilimia 2 tu, ndiyo maana lita 40 na zaidi huchemshwa ili kupata lita moja ya shira. Baridi ile ile inayotuletea utomvu ndiyo inayopasua mabomba. Hatuwezi kuikimbia, maana ikiisha na kazi imeisha.

Hita yetu ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo wanayoisifu, ya gesi, ukutani. Maji yake yalikuwa mazuri kweli, sikatai. Muuzaji alituhakikishia kwamba ina kinga ya kuganda, na alisema kweli: ndani mna vipasha joto vidogo vya umeme. Lakini kinga hiyo inategemea umeme. Usiku mmoja wa Machi mvua ya barafu iliangusha matawi juu ya nyaya, umeme ukakatika saa tatu usiku, ukarudi asubuhi. Nilipofungua banda nikakuta maji yanadondoka ukutani. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na vile vibomba vyembamba vya shaba vilivyomo ndani havina pa kutanukia. Vilikuwa vimepasuka mahali pawili. Dhamana haikutusaidia, niliposoma karatasi yake, kuganda kulikuwa kumetajwa waziwazi kwamba hakulipiwi. Kwa siku nne tuliosha vyombo kwa maji ya sufuria huku utomvu mbichi ukingoja kwenye matangi, na utomvu hauvumilii kungoja, unaharibika kama maziwa.

Aliyesema achukue ya umeme isiyo na tangi, naomba tupige hesabu pamoja. Maji yakiingia yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, ukitaka yatoke na nyuzi 55, lita 6 kwa dakika, unahitaji kilowati 21 hivi. Kwa volti 240 hiyo ni karibu ampea 90. Banda letu zima lina ampea 100, na humo mna pampu, taa na feni ya jiko.

Baada ya hapo tulifunga tangi la galoni 40, yaani lita 150. Msimu ulipokwisha nilifungua valvu ya chini, maji yakatoka, nikaridhika. Februari iliyofuata tulipolijaza, tangi lenyewe lilikuwa zima, ila valvu na kipande cha bomba vilikuwa vimechanika. Bomba lilikuwa limelegea katikati, likatengeneza kama bakuli, maji yakabaki humo. Valvu nayo ni ya aina yenye tufe lenye tundu ndani. Ukiifunga kabisa, maji kidogo hunaswa ndani ya tufe, na hayo machache yanatosha kuipasua. Siku hizi nikishamaliza kumwaga maji naiacha valvu nusu wazi, nusu imefungwa. Hakuna fundi bomba aliyewahi kuniambia hilo.

Ndiyo sababu nasema swali la msomaji wetu limeanzia mahali pasipofaa. Anauliza hita ipi inapasha maji vizuri. Zote zinapasha. Aulize ipi inaweza kumwagwa maji yote, hadi tone la mwisho, na mtu mmoja aliyechoka saa sita za usiku, kwa muda usiozidi dakika tano. Akishindwa kuimwaga hivyo, siku moja ataiacha na maji, na siku hiyo ndiyo itakayokuwa ya baridi kali.

Sisi sasa tuna kitangi cha galoni 4, lita 15, cha volti 120 na nguvu ya kilowati moja na nusu hivi. Kimefungwa juu ya sinki, na kila bomba limeteremka kuelekea chini bila kulegea. Maji ya nyuzi 4 yanafika nyuzi 60 kwa kama dakika 40, kwa hiyo nakiwasha kabla sijawasha moto wa jiko. Kuna mtego hapa: vitangi vingi vya ukubwa huu vina matundu yote mawili juu, na havina valvu ya kutolea maji chini. Aangalie kabla ya kulipa. Na wakati wa kumwaga, afungue bomba la maji moto ili hewa iingie, la sivyo maji yatang'ang'ania humo ndani.

Atashangaa lita 15 zinatosha nini. Zinatosha kunawa mikono na kuosha vyombo vidogo, kwa sababu maji mengi ya moto hatuyapati kwenye hita. Tunayapata kwenye mvuke. Fikiria: katika kila lita 40 za utomvu, lita 39 zinapaa kwenda darini. Sisi tumeweka kofia ya chuma cha pua juu ya sinia la kuchemshia, na ndani yake mna mabomba yanayopitisha utomvu baridi. Mvuke ukigusa mabomba hayo unageuka maji, unachuruzika kwenye mfereji wa pembeni, na kuingia kwenye pipa tulilolizungushia sufu ya kuhifadhi joto. Huku utomvu nao unaingia kwenye sinia ukiwa tayari na joto, kuni zikapungua. Maji ya mwanzo ya kila siku tunayamwaga kwa sababu yanasuuza vumbi la kofia. Yanayofuata ni safi, hayana chumvi, na yanaunguza mkono. Hayo ndiyo ninayooshea vichujio vya kitambaa kizito, ambavyo haviguswi na sabuni kabisa. Harufu ya sabuni hubaki kwenye kitambaa na shira huibeba hadi mezani kwa mteja.

Kama msomaji wetu ana mashine ya kukamua maji kwenye utomvu kwa utando, ngozi nyembamba inayopitisha maji na kubakiza sukari, habari inabadilika. Utando haustahimili kuganda hata mara moja, hivyo mashine hiyo lazima ikae kwenye chumba kidogo kilichozibwa vizuri na chenye joto. Basi hita na ikae humo humo, na hapo anaweza kununua tangi kubwa, kwani utando unaoshwa kwa maji vuguvugu mengi.

Akisisitiza gesi, achukue ile iliyofungwa, inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi nje. Jiko la shira linavuta hewa nyingi mno, linaweza kuurudisha ndani moshi wa hita ya kawaida, na ile sumu yake, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Katika banda lililojaa mvuke hutajua kinachokulegeza magoti.

La mwisho ni la wale wanaofanya kazi wawili au watatu banda moja. Hita ya umeme ikiwashwa bila maji, elementi yake, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, inaungua kwa muda mfupi sana. Mimi nikimwaga maji nazima swichi kuu ya hita na kuifungia kitambaa chekundu, na hakuna anayekifungua mpaka aone maji yanatoka kwenye bomba la moto mfululizo, bila kutema hewa.

Msomaji wenu,
Kaskazini mwa Vermont, Marekani