Mada ya Jumamosi: milango ya fahamu katika sadaka za Warumi wa kale

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu nyote.

Jumamosi tutajadili sadaka za Warumi wa kale kwa kuanzia kwenye yale ambayo mtu aliyesimama mbele ya madhabahu aliyaona, aliyasikia na kuyanusa. Naomba kila mmoja aitazame kwa utulivu picha ya mchongo wa Kaisari Marcus Aurelius akitoa sadaka, uliohifadhiwa katika Makumbusho ya Capitolini mjini Roma: amejifunika kichwa kwa toga, yaani joho la Kirumi, mbele yake pana madhabahu ndogo ya miguu mitatu, na karibu naye yupo mpiga filimbi.

Mwandishi Pliny Mzee, aliyefariki mwaka 79, anaeleza kwamba filimbi ilipigwa ili sauti nyingine yoyote isisikike wakati dua inasomwa, kwa kuwa neno lililokosewa au mlio wa kisirani uliweza kuiharibu ibada. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye utajiri wa mada yetu, maana filimbi ililinda masikio na vazi la kichwani likazuia macho yasitangetange, hata fikra zote zikaelekezwa kwenye tendo moja.

Ubani, divai na unga wenye chumvi ulioandaliwa na mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa mungu wa kike wa moto wa nyumbani, tutavigusia kwa ufupi. Tutajiuliza pia ni kwa namna gani harufu na sauti zilizorudiwa kila mwaka ziliijenga kumbukumbu ya waumini.

Atakayekuwa tayari kuanzisha mjadala tafadhali anijulishe kabla ya Ijumaa jioni.