Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu cha waandishi wa filamu

Wanangu,

Skripti mlizoniletea nimezisoma zote. Majumba nimeyaona, magari nimeyaona, bastola nazo hazikukosekana. Mtu ninayemjua sijamwona. Ndiyo maana nawaandikia habari za Vasily Shukshin, Mrusi aliyekuwa mwandishi wa hadithi na skripti, mwongozaji, na tena mwigizaji.

Alizaliwa 1929 katika kijiji cha Srostki, Altai, huko Siberia. Hakuwa ametimiza miaka minne baba yake, Makar, alipokamatwa zama za kuwalazimisha wakulima waingie mashamba ya pamoja, akapigwa risasi. Mama akaona awape watoto jina la ukoo wake, Popov, wasije wakanyanyaswa kwa jina la baba. Lakini kijana alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho alilirudia jina la Shukshin, na Stalin, mtawala wa zama zile zile, bado yuko madarakani. Mimi ninapotaka kumwelewa huyu mtu naanzia hapo, si kwenye tuzo zake.

Alifanya vibarua vya ujenzi, akawa baharia jeshini mpaka vidonda vya tumbo vikamtoa, akafundisha shule ya jioni pale kijijini kwao. Mwaka 1954, akiwa na miaka 25, alikwenda Moscow kuomba nafasi katika chuo cha filamu, VGIK. Mama yake aliuza ng'ombe ili apate nauli. Alifika na shati la kijeshi na mabuti, katikati ya vijana wa mjini waliosoma vitabu ambavyo yeye alikuwa hajavishika. Mwongozaji Mikhail Romm akamchukua darasani kwake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Shukshin alianza na hadithi. Filamu yake ndefu ya kwanza, ya 1964, kuhusu dereva wa lori kule Altai, aliitoa katika hadithi zake mwenyewe ambazo zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, na ilipopelekwa Venice ilirudi na tuzo. Alipofika mbele ya kamera, yule dereva alikuwa amekwisha kuzungumza kwenye karatasi kwa miaka, na yeye anaijua sauti yake. Ninyi mnaanza na kamera, halafu mnamtafutia mtu maneno.

Someni hadithi yake ya 1970 kuhusu Gleb Kapustin. Msomi anarudi kijijini kumsalimia mama yake, kashuka kwenye teksi na mke naye msomi. Jioni wanakijiji wanakuja na Gleb, ambaye kazi yake ni kuwaaibisha wageni wa aina hiyo. Anamuuliza mambo ya falsafa, ya waganga wa mizimu, ya mwezini, maswali yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka msomi anakasirika na watu wanacheka. Basi. Mwandishi hasemi nani mshindi. Gleb anatisha na anachekesha, na yule msomi naye ana kiburi chake. Mabaraza yetu yamejaa akina Gleb; mbona hamjamwandika hata mmoja?

Katika *Kalina krasnaya* ya 1974, filamu yake iliyotazamwa na watu zaidi ya milioni 60, mwizi aliyetoka gerezani anaingia nyumbani kwa mama yake akiwa amevaa miwani nyeusi. Miaka mingi hawajaonana. Hajitambulishi, mama anazungumza tu. Bibi yule hakuwa mwigizaji. Alikuwa mwanakijiji wa jimbo la Vologda, Urusi, na aliyoyasema yalikuwa maisha yake mwenyewe. Shukshin alijua kuandika mazungumzo kuliko wengi wetu, na hapo akaweka kalamu chini.

Msimwige kwa kila kitu, lakini. Mshika mbili moja humponyoka, naye alishika nne. Mchana yuko kwenye filamu, usiku anaandika jikoni kwa sigara na kahawa. Na kazi aliyoitamani kuliko zote, filamu ya Stepan Razin, kiongozi wa uasi wa karne ya 17, wakubwa waliizuia miaka nenda miaka rudi, akabaki kuitoa kama riwaya. Alikubali kuigiza katika filamu ya vita ya Sergei Bondarchuk akitumaini kwamba baada ya hapo ataruhusiwa. Tarehe 2 Oktoba 1974 alikutwa amekufa chumbani mwake ndani ya meli walimolala watu wa filamu hiyo kwenye mto Don. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 45. Tuzo ya Lenin, moja ya tuzo kubwa kabisa za serikali ya Kisovieti, walimpa 1976, keshazikwa.

Kwa hiyo skripti sitapokea kwa sasa. Kila mmoja wenu aniletee hadithi fupi, kurasa nne au tano, ya mtu wa mtaani kwake anayemsikia akizungumza kila siku. Bastola ziacheni nyumbani.

Ni mimi mzee wenu.