Barua ya wazi kwa Mukubwa mwenye kusimamia biashara: rangi iko ndani ya mupasuko ya kinga (baisikeli) yangu, murudishishe feza yangu

Bwana Mukubwa,

Jambo yenu, na jambo ya jamaa. Minaomba musome barua hii mupaka mwisho, juu zile mbili za mbele sijue kama zilifika pa macho yenu.

Ya kwanza niliileta ku biro yenu miye mwenyewe, tarehe 14 mwezi wa kumi, mama wa ku sekretariati akapiga kashe (muhuri) pa kopi, na ile kopi iko hapa pa meza wakati ninaandika. Ya pili nilileta nyuma ya juma tatu, kashe tena. Tangu pale hakuna muntu ata mumoja alinipigia simu, ata ya kuniambia "papa, ngoja kidogo". Ningengoja. Niko na miaka 51, ku mulango ya bakubwa nilisha kungoja mingi mu maisha yangu. Lakini kintu niliona siku ya ine iliyopita njo kinanifanya niandike mbele ya bantu bote.

Siku ya ine (Alhamisi) nilipita tena ku magazini yenye iliniuzishia kinga mbovu, mara ya tano, kuuliza feza yangu. Nikakuta kamyo pa mulango, bakijana banashusha bakinga mupya, zile zile, rangi ya majani ile ile, katoni ingali imefungiwa pa kadre (mwili wa chuma wa kinga). Ndani mulikuwa mama mumoja anahesabu feza, alikuwa anaitosha mu pembe ya kikwembe, noti ya tano tano, ya kumi kumi, na kijana wake alikuwa amesha kukamata gido (usukani), anapiga kengele, anacheka. Sikuweza kunyamaza. Nilimuambia na heshima, mama, mbele ya kulipa, pitisha kidole chini ya shingo ya kadre, fasi gido inaingilia, usikie kama sudire (fasi chuma zinaungwa na moto) ni sawasawa. Ni hiyo tu nilisema. Patroni akaanza kulalamika kama ninamuharibia biashara, sentineli (mulinzi) akanivuta inje na mukono ya kuume, na mukono ya kuume njo yenye iliumia siku kinga yangu ilivunjika. Mama akalipa. Kijana akapanda. Nilibaki pa barabara nabaangalia banaenda, na usiku ule sikulala, ninawaza paka ule kijana siku atakuta mutelemuko.

Sasa muniache nieleze yote, juu pengine barua zangu ziko chini ya zingine.

Miye ninauzisha majani. Lengalenga, matembele, sombe kama iko. Ninayafwata mbele ya jua kutoka, ku babustani ya ngambo ya mutoni Kafubu, ninayaleta ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, asubui, juu lengalenga yenye ilisha kulegea hakuna mama ataishika mara mbili. Hii kazi ni kinga. Mwenye hana kinga anafika wakati bamama bamesha kwenda kupika, na anarudi ku nyumba na mufuko yake. Kinga yangu ya kwanza ilinitumikia miaka 17, ilikuwa ya wakati wa zamani, mirija ya kadre ilikuwa inaingia ndani ya manshoni (bomba fupi ya kushikanisha), si ya kubandikwa mudomo kwa mudomo na kupakwa rangi juu. Bezi baliiiba mu mwezi wa tatu. Njo nikaingia mu likelemba (muchango wa zamu kwa zamu) na bantu kumi na wawili ba ku soko, na zamu yangu ilipofika mu mwezi wa tisa nilichukua feza yote nikaenda nayo ku magazini bila ata kupita ku nyumba, niliogopa nisiitumie.

Dola 135. Kinga moja ya saizi 28, barayo (sipoko) 32 mbele na 40 nyuma, portebagaji ya chuma ya nguvu. Muuzishaji aliniambia na kinywa yake kama inabeba kilo 150 na kama nitaiachia batoto. Nilifurahi, sitaficha, jioni ile niliipangusa na kitambaa ata kama haikuwa na vumbi, na mama ya batoto akasema leo muko na bibi wa pili.

Ilifanya siku kumi na moja, Bwana Mukubwa. Siku ya kumi na moja ninashuka na mufuko moja ya lengalenga nyuma, majani yenye mayi, haiwezi kufika kilo makumi ine, nikasikia kintu kimesema "ka!" chini ya mikono, gido ikaenda mbele peke yake, murija ya chini ikaachana na shingo, na miye nikakuwa pa gudro (lami). Bega ya kuume, goti, na mufuko ikamwangika mu barabara yote. Benye baliniokota ni bakijana ba makala, balikuwa nyuma yangu, banasukuma bakinga yenye kuzeeka, kila moja na mifuko tatu, ingine ine, kutoka mbali kabisa mu pori. Kadre zao hazivunjike. Yangu mupya ilivunjika na lengalenga.

Kesho yake nilipeleka ile kinga kwa sudeuri (fundi wa kuunga chuma) wa avenyu yetu, nikamuambia anishonee, nilikuwa ninafikiri ni bahati mubaya tu. Yeye hakuwasha ata mashini. Aliichukua, akaisogeza pa mwangaza, akaniita, papa kuja utazame. Akanionyesha kama chuma yenye imevunjika sasa hivi inakuwa yenye kungaa, na yenye ilipasuka zamani inakuwa nyeusi ao na kutu. Na mu kinga yangu, karibu nusu ya murija, ndani, fasi mwenye macho hawezi kuona paka ivunjike, kuko rangi ya majani. Rangi iliingia ndani ya mupasuko. Maana yake kinga ilikuwa imesha kupasuka mbele ya kupakwa ile rangi ya mwisho, na niliuzishiwa kintu chenye kilisha kufa. Ile nusu ingine yenye ilikuwa inashika njo ilinibeba siku kumi na moja, kisha ikachoka.

Ninaomba mukumbuke hii kintu moja tu mu barua yote. Rangi iko ndani. Uzito wa majani yangu hauwezi kuingiza rangi ndani ya chuma.

Nilirudi ku magazini na kadre na fakture (karatasi ya kununua). Mara ya kwanza baliniambia patroni hayuko. Mara ya pili patroni alikuwako, akasema nilibeba makala. Nikamuambia mimi sibebake makala, aulize soko yote ya Kenya, akasema bote banasemaka vile. Nikamuonyesha rangi ndani ya mupasuko, na ninaapa mbele ya Mungu, hakushangaa. Muntu mwenye hajue anashangaa, anainama, anatazama. Yeye alitazama simu yake. Mara ya tatu akanionyesha chini ya fakture, mule bameandika na maandiko madogo kama bintu byenye biliuzishwa habirudishwe na habibadilishwe. Mara ya ine akasema sawa, kwa huruma atanisudishia kinga kwa fundi wake, na nilipe nusu ya kazi. Nilipe nusu! Na hata kama ni bure, pale pa shingo njo uzito yote ya mbele inakutana, freni, gido, mashimo ya barabara, muntu mwenyewe, fundi anaweza kutia sudire juu lakini chuma ya pembeni ilisha kuungua mara mbili, itapasukia pembeni, na mara ile pengine nyuma yangu hakutakuwa bakijana ba makala, itakuwa kamyo. Sitaki banisudie. Sitaki banipe ingine ya katoni ile ile. Ninataka feza yangu.

Mutoto wa jirani anasoma droiti (sheria) ku univerisite, nilimuonyesha ile fakture. Alinisomea sheria ya mapatano, ile dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ya wakati wa Leopold, mufalme wa Babeleji, kabisa lakini ingali inafanya kazi mu inchi yetu. Inasema muuzishaji anajibu juu ya kilema chenye kilifichama mu kintu, na mwenye alinunua njo anachagua, arudishe kintu arudishiwe bei, ao abaki nacho bamurudishie sehemu ya bei. Na kama muuzishaji alikuwa anajua kile kilema, analipa na hasara juu. Nilimuuliza, na ile maandiko ya chini ya fakture? Akasema maandiko haiwezi kumufunika muntu mwenye alijua. Lakini akasema tena kama sheria inataka muntu alalamike mbio, asikawie. Mi sikukawia, Bwana Mukubwa. Nililalamika ku magazini siku mbili nyuma ya kuanguka, nikalalamika kwenu tarehe 14, kashe iko. Kama wakati umepita, ulipitia mu biro yenu.

Munisamehe kama nimeandika vibaya pale, lakini ni kweli.

Juu ninawakumbuka. Mwaka hii hii, mbele ya mvua kuanza, mulikuja ku soko yetu, mulisimama karibu na meza ya bamama ba makayabo, jua kali, na mukasema, nilikuwa hatua kumi tu, mukasema mwenye atawauzishia kintu kibovu muniletee fakture, ataona. Tulipiga mikono. Na miye nilipiga, nilikuwa na mafungu ya matembele nikayaweka chini juu nipige mikono vizuri. Sasa fakture nilileta. Nilileta mara mbili.

Mi ninawaza hivi, na kama ninajidanganya munikosoe. Hizi bakinga zinatoka mbali, zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingilia pa mupaka ya Kasumbalesa, mu njia yote zinapangwa moja juu ya ingine mu kamyo, bantu banapanda juu, banalala juu. Zenye zinapasuka pengine patroni hataki kupoteza, anaita fundi usiku, anapaka rangi, anarudisha katoni. Ao zilitoka ku fabriki vile, bakapunguzia bei ya depo juu ni mbovu, na siye hatukupunguziwa. Moja kati ya hizi mbili. Na sababu gani biro yenu haijibu, patroni mwenyewe aliniambia, enda ukalalamike fasi unataka, ninajuana na bote. Sitaki kuamini ile neno. Nilikataa kuirudilia ata kwa barafiki. Lakini kila juma yenye inapita bila simu inanisumbua kichwa.

Na muko munajua kyenye kunauma sana? Likelemba haijaisha. Zamu yangu nilisha kula, kwa hivyo kila siku ya posho (Jumamosi) ninapaswa kutoa changu kwa bengine, paka bote bafike. Maana yake kila juma ninalipa kinga yenye imeegama pa ukuta. Mama ya batoto anatoka yeye mwenyewe asubui, anabeba pa kichwa, anapanda taksi-bisi, bamulipishe fasi yake na fasi ya mufuko, faida yote inabaki mu gari. Bega yangu inauma nikinyanyua ndoo. Badogo beko ku primeri, kule tangu 2019 ni bure, tunashukuru, lakini mukubwa eko segonderi, balimufukuza mara mbili juu ya minervali (feza ya masomo), na mwaka huu njo anapaswa kupita egzameni ya Leta, ile ya kumaliza segonderi. Anakuja anakaa pembeni ya kinga na daftari, ananiuliza papa, balijibu? Ninamuambia bakubwa beko na kazi mingi.

Bwana Mukubwa, siombe mufunge magazini, kule kuko bakijana banakula pale, sentineli mwenyewe alinivuta lakini aliniomba musamaha inje kwa sauti ya chini, eko na batoto na yeye. Ninaomba mutume muntu mumoja, ata stajieri, apitishe kidole chini ya shingo ya kila kinga ya ile kamyo mbele hazijaisha. Kesho, si juma ijayo, juu zinaisha mbio, bei yake ni nzuri. Bamutafute ule mama na kijana wake, patroni eko na namba yake pa fakture. Na banirudishie dola 135. Siombe ya bega, siombe ya lengalenga, siombe ya juma zote mama alibeba pa kichwa, ata kama ule mutoto wa droiti anasema ninaweza. Dola 135 tu.

Siku ya kwanza (Jumatatu) nitakuja ku biro yenu mbele bafungue. Sitaleta karatasi ingine. Nitaleta kadre yenyewe, nitaibeba pa bega ya kushoto, na nitakaa pa ngazi mupaka mutoke mupite, mutazame ndani ya mupasuko, muniambie miye ni rangi gani munaona.

Na heshima yote,

Papa muuzishaji wa majani, soko ya Kenya, Lubumbashi