Kompyuta Imegoma Kuwaka? Usikimbilie Kupiga Windows

"Umebonyeza vitufe viwili tu, elfu kumi na tano ya nini?" Swali hili tunaulizwa sana hapa dukani Moshi, na juzi mama mmoja mwenye steshenari aliondoka amenuna, akiwaambia watu pale nje kwamba tumemwibia. Tumeona tujibu kwa maandishi.

Kompyuta yake ya mezani ilileta kioo cheusi chenye maneno "No bootable device". Maana yake mashine imetafuta diski ya kuwakia, haikuipata. Kwa nini haikuipata, haisemi. Huenda diski imekufa, huenda waya umelegea, huenda diski ni nzima ila mipangilio imevurugika. Kwake ilikuwa hilo la mwisho. Ile betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imeisha. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows) mashine ikichomolewa kwenye umeme. Umeme ulipokatika usiku, mipangilio ikarudi ya kiwandani, yaani UEFI, mtindo mpya wa kuwasha mashine, wakati Windows yake ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa Legacy. Vitu hivyo viwili havisomani. Vile vitufe vilikuwa vya kuirudisha Legacy. (Kama saa ya kompyuta yako inarudi miaka ya nyuma kila ukiiwasha, badilisha betri hiyo mapema. Ni bei ya chai na chapati.)

Mama aliona vitufe. Hakuona kwamba kabla ya hapo diski ilitolewa, ikapimwa kwenye mashine nyingine, na mafaili yake yote yakanakiliwa pembeni. Hatugusi mashine ya mtu kabla ya hilo, hata akiwa na haraka namna gani.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshaambiwa na kijana wa jirani, "Lete nipige Windows upya, elfu kumi." Angekubali diski ifutwe na Windows iwekwe upya, kompyuta ingewaka vizuri tu, na mafaili ya wateja wake yangekwenda. Karani wa chama cha msingi cha kahawa, kutoka Machame, alikubali. Alipotuletea laptopu ilikuwa nzuri, inawaka haraka, na hesabu za wakulima za msimu mzima hazimo. Diski ilikuwa SSD, ile ya chipu isiyozunguka. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, wakati mwingine tunaokoa kitu baada ya kufutwa. Kwenye SSD, Windows ikishafomati, diski yenyewe huanza kusafisha nafasi zilizoachwa, na mara nyingi hakuna cha kuokoa. Alirudia kuandika kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

Laptopu za siku hizi zina mtego mwingine: BitLocker, kufuli la Windows linalofunga mafaili yote ya diski. Ukichezea Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) au mipangilio ya BIOS, inaweza kukudai namba ya tarakimu 48 kabla ya kufungua diski. Mara nyingi namba hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au ya ofisi iliyoinunua. Sisi hatuna namna ya kuipita, na anayekuambia anayo anataka kufuta diski yako.

Nyumbani jaribu haya tu. Chomoa flashi, kadi ya kumbukumbu na diski ya nje, halafu washa upya. Kuna mwalimu alipanda daladala toka Himo na tatizo lilikuwa flashi aliyoisahau nyuma ya mashine. Kisha fungua menyu ya kuchagua diski: Dell ni F12, HP nyingi ni Esc kisha F9, Lenovo nyingi F12. Diski yako ikionekana pale, ichague. Isipoonekana, acha. Ukisikia diski inagonga tik-tik, zima kabisa na usiwashe tena, kila unapowasha unaiharibu zaidi.

Kupima ni 15,000, pamoja na kunakili mafaili kama diski bado inasomeka. Ukitengeneza kwetu, inakatwa kwenye bili ya mwisho. Njoo na chaja yako.