Pleti mpya si dawa ya kila klachi inayoteleza

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wenye pikipiki za spoti za zamani: Honda CBR600F za miaka ya 1990, Yamaha R6 za kuanzia 1999, Kawasaki ZX-6R na nyingine za ukoo huo. Pikipiki hizi hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mmiliki wa sasa. Klachi ikianza kuteleza, agizo huwa moja tu: nunua pleti (sahani za klachi zinazoshikana kupeleka nguvu ya injini kwenye gia), fungua, badilisha. Pleti zinafungwa, muda si mrefu tatizo linarudi. Mwenye pikipiki anamlaumu muuza spea, muuza spea anamlaumu fundi, na fundi anazilaumu pleti. Mara nyingi mkosaji ni oili, waya wa klachi, au springi ambazo hakuna aliyezipima.

Kwanza hakikisha kwamba klachi inateleza kweli. Kwenye barabara iliyo wazi, ukiwa gia ya 5 au ya 6 na mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, zungusha akseleta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, pleti hazishikani. Dalili iliyo kinyume, yaani pikipiki kuvuta mbele huku mkono wa klachi umebanwa, au kutoipata gia huru ukisimama kwenye taa, ni ugonjwa mwingine: klachi haiachii. Wapo wanaozitibu dalili zote mbili kwa dawa moja, na hapo ndipo pesa zinapotelea.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, angalia uchezaji wa mkono wa klachi, yaani kulegea kwake kabla waya haujaanza kuvuta. Ukipima kwenye ncha ya mkono, uwe milimita 10 hadi 15. Watu wengi hawajui kwamba pleti zinavyolika, uchezaji huo hupungua, hauongezeki. Pleti zikipungua unene, presha pleti (sahani ya nje inayozikandamiza) husogea ndani na kuuvuta waya pamoja nayo. Asiporekebisha mtu, ipo siku waya utakaza kabisa, na kuanzia hapo pikipiki inatembea kana kwamba dereva ameubana mkono wa klachi kidogo muda wote. Pleti zinaungua hata kama unene wake bado unatosha. Kulegeza waya hakukugharimu hata shilingi. Kwenye pikipiki zenye klachi ya maji (inayosukumwa kwa maji kama ya breki), kama Honda VFR750 au Kawasaki ZX-7R, hakuna waya wa kurekebisha. Huko angalia kama maji ya DOT 4 yamekuwa meusi, na kama yanarudi kwenye kopo unapoachia mkono.

Cha pili ni oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, tofauti na ya gari, ambayo ni kavu. Oili nyingi nyepesi za magari ya petroli zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili kubana matumizi ya mafuta, na klachi inaishi kwa msuguano huohuo. Soma kopo: ukikuta maneno ya Kiingereza "Resource Conserving" au "Energy Conserving" ndani ya duara la API (taasisi ya mafuta ya Marekani), iache dukani. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. JASO MB si ya pikipiki hizi. Ni ya skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili. Kama pikipiki ilianza kuteleza baada tu ya kubadilishiwa oili, mwaga hiyo, weka oili sahihi na filta mpya, uitembeze kwanza. Mara nyingine pleti hupona. Mara nyingine zimeshanyonya vile viungo na hazirudi tena, lakini jaribio hilo ni nafuu kuliko seti ya pleti.

Kama waya na oili viko sawa na bado inateleza, sasa fungua. Injini iwe baridi. Kava ya klachi kwenye nyingi ya hizi iko upande wa kulia, na stendi ya pembeni iko kushoto. Pikipiki ikilalia stendi yake, oili hukimbilia kushoto na kwa kawaida hakuna haja ya kuimwaga ili ufungue. Lakini klachi ikiwa imeungua, oili ikinuka moto, imwage tu, maana imejaa unga wa pleti, na unga huo ukiachwa huishia kwenye chujio la pampu.

Legeza waya pande zote mbili, juu kwenye mkono na chini kwenye injini. Chora umbo la kava kwenye kipande cha katoni na uchomeke kila bolti mahali pake ulipoitoa. Bolti hizo hazilingani urefu; ndefu ikiingia kwenye tundu fupi, itagota chini kabla kava haijabana, na anayeendelea kukaza atapasua kasha la injini. Kava iking'ang'ania, igonge kwa nyundo ya plastiki. Bisibisi ikichomekwa katikati itaacha mkwaruzo ambao utavuja oili maisha yote.

Ndani utakuta bolti 5 au 6 zinazokandamiza springi. Zilegeze kwa msalaba, robo mzunguko kwa kila moja, mpaka springi zitulie. Ukiifungua moja hadi mwisho ilhali nyingine zimekaza, presha pleti hukaa upande na kuvunja nguzo za alumini zinazoshika bolti. Toa pleti moja moja na uzitunge kwenye waya kwa mpangilio uleule. Na hapa tuseme waziwazi: nati kubwa ya katikati haiguswi. Kubadilisha pleti hakuihitaji. Tumeona habu (kitovu cha ndani cha klachi) zimepasuka kwa sababu fundi aliamini lazima kila kitu kitoke. Nati hiyo hufunguliwa tu hausingi yenyewe (bakuli la nje linaloshika pleti) ikiwa mbovu, na ikifunguliwa hutaka washa mpya ya kufungia pamoja na spana ya toku, inayopima nguvu ya kukaza.

Sasa pima, kwa kipimo cha venia, si kwa jicho. Pleti ni za aina mbili zinazopishana: za fiba, zenye utando wa kushika, na za chuma tupu. Kwenye Yamaha R6 ya kwanza pleti mpya ya fiba ina milimita 2.9 hadi 3.1, na kikomo chake ni 2.8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ijumlishe: klachi yenye pleti 8 za fiba zilizopoteza milimita 0.2 kila moja imepoteza milimita 1.6, na kiasi hichohicho springi zimelegea. Pima kila pleti sehemu nne, kwa sababu hailiki sawa pande zote. Pleti za chuma ziweke juu ya kioo kinene na upitishe fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. R6 inaruhusu mpindo wa milimita 0.1 tu, Honda nyingi hufika 0.3. Chuma chenye madoa ya bluu kimeshapata joto la kukiharibu, kitupe. Kilichong'aa tu bila bluu wala mpindo kinaweza kusuguliwa kwa msasa laini na kurudi kazini. Ila pleti zenye fiba hazipigwi msasa, kwani huko ni kupunguza unene ambao ndio unaoutafuta.

Springi pia zina urefu wake kwenye kitabu cha modeli. Moja ikiwa fupi kuliko kikomo, badilisha zote. Wapo wanaoweka washa chini ya springi za zamani ili zikaze. Tunaipinga tabia hiyo kabisa. Mkono unakuwa mgumu, waya unaanza kukatika nyuzi, na springi zinaweza kubanana hadi zikose nafasi ya kufunguka, ndipo klachi iliyokuwa inateleza inageuka kuwa klachi isiyoachia. Seti ya springi mpya ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote katika kazi hii.

Angalia na vidole vya hausingi. Pleti hugongagonga humo na baada ya miaka huchimba vijishimo, kisha meno ya pleti yanakwama badala ya kuteleza. Vijishimo vya juujuu hulainishwa kwa tupa bapa, kidogo na kwa usawa pande zote. Vikiwa virefu, hausingi imekwisha, na pleti mpya hazitaiponya.

Pleti mpya za fiba zilowekwe kwenye oili mpya ya injini kwa saa kadhaa, ikibidi usiku kucha. Zikifungwa kavu, zitaungua dakika za kwanza. (Ducati 748 na 916 ni kinyume chake: klachi yao ni kavu, na tone la oili ni sumu.) Kufunga huanza na fiba na kuishia na fiba. Modeli nyingi zina fiba moja yenye tundu pana kuliko zenzake. Hiyo hukaa ndani kabisa, ikizunguka springi bapa ya kuzuia mtikisiko pamoja na washa yake. Springi hiyo ina upande wake, hivyo fuata kitabu au picha uliyopiga wakati wa kufungua. Kwenye CBR kadhaa, meno ya fiba ya mwisho, ya nje, huingia kwenye mikato mifupi ya hausingi iliyo pembeni ya mikato mirefu. Ukiipanga pamoja na wenzake klachi itafanya kazi, lakini kwa kelele.

Presha pleti izungushe kwa mkono mpaka meno yake yakae ndani ya habu. Ikiacha mwanya, hujaipata. Bolti zisitumike kuilazimisha. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka Nm 10 hivi (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kitabu kikitaja 8 au 12 fuata kitabu. Hapa ndipo bolti nyingi hukatika kwa sababu ya mkono mzito.

Futa gasketi ya zamani yote, rudisha pini mbili za kuelekeza kava, weka gasketi mpya. Silikoni huwekwa nukta tu pale ambapo nusu mbili za injini zinakutana, kwani ikizidi hukatika ndani na kwenda kuziba njia za oili. Kwenye R6 fimbo ya kuvutia klachi ina meno. Yaelekee nyuma ya pikipiki, la sivyo mkono wa kava utazunguka hewani. Bolti za kava ni Nm 12 hivi. Rekebisha waya mpaka uchezaji urudi kwenye milimita 10 hadi 15, simamisha pikipiki wima, uangalie kiwango cha oili.

Kilomita mia za mwanzo usiondoke kwa kishindo. Kagua waya tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa pleti mpya hukaa sawa polepole.

Kwa wauza spea tuna ombi moja: ruhusuni mteja afungue boksi na kupima kabla ya kulipa. Pleti ya milimita 2.7 iliyoandikwa mpya imeshapita kikomo cha R6 ikiwa bado ndani ya boksi.

Ni sisi,
Mafundi wa pikipiki kubwa,
Dar es Salaam